Kiti cha Kilo Kumi na Tisa

Wiki moja baada ya kumzika mama yake, kaka Shabani alinitumia ujumbe wenye swali moja tu: kile kiti kilikuwa na kilo ngapi? Nilikuwa nimesimama nje ya duka la chai ya karak, chini ya jengo letu hapa Al Mansoura. Niliusoma, nikautafutia mwendelezo, haukuwepo. Chini yake aliweka picha ya kiwanja cha ndege cha kwetu: nyasi, kibanda cha bati, mzani mkubwa ambao zamani ulikuwa wa korosho, na kiti chenyewe cha magurudumu kando ya mzani, hakina mtu. Nilikuwa nimeshampigia simu siku ya msiba, nimeshatuma ubani, tumeshaombeana dua, kwa hiyo hakuwa akinipa habari. Kilichonisumbua zaidi ni ule mzani. Upo hapohapo pichani, karibu kabisa na kiti. Ukitaka kujua uzito wake unakisukuma juu, unasoma. Mtu mwenye mzani mbele yake anauliza Doha kwa nini? Sikumjibu palepale. Mimi si mtu wa kujibu palepale. Hata "ndiyo" huwa naiandika, naifuta, naiandika tena. Nilipanda na kikombe changu mpaka ghorofa ya nne, nikakaa kitandani, na mwaka wote wa kile kiti ukanirudia.

Kwetu ni Lukwisa, mimi na Shabani. Masika yakianza mto unaimeza barabara, na tangu hapo mpaka ardhi ikauke njia ya kuingia na kutoka ni moja, ndege ya jeshi. Ni shirika kamili la abiria, lina jina refu na nembo mkiani, linaendeshwa na wanajeshi kuanzia rubani mpaka anayefagia, na lilianzishwa kwa ajili ya sehemu kama zetu ambazo wenye mashirika ya biashara hawaoni faida ya kuzifikia. Jina lake refu hakuna anayelitaja. Hakuna dirisha la tiketi. Unaandikisha jina getini kambini, unasubiri kuitwa, na siku ya safari unapanga mstari: wagonjwa kwanza, kisha wajawazito, kisha walimu na mitihani yao, kisha sisi wengine. Sajini hakuulizi mkoba wako una kilo ngapi. Anakupandisha mzanini wewe mwenyewe, mzigo mkononi, halafu anasoma kwa sauti mbele ya watu wote kama anayeita majina ya gwaride. Kikomo ni kilo mia, mtu pamoja na mzigo wake. Mwembamba atabeba gunia, mnene atabeba kikapu. Ndani viti ni vya turubai, vimepangwa ubavuni, mnatazamana magoti kwa magoti, na hakuna anayekukaribisha, unaamriwa: abiria, funga mkanda. Na abiria wanafunga, hata wale ambao nyumbani kwao hawaambiliki. Mimi nilipanda ndege ile mara moja tu, siku nilipoondoka kuja huku, na kwa kuwa nilikuwa na hofu nilisimama mstarini nikiangalia viatu vyangu na kurudia kimoyomoyo majina ya hati zangu, mpaka nikaitwa.

Mwaka ninaousimulia ulianza mwezi wa tisa, wakati Doha bado inachoma hata jioni, na ulianza na kiti. Shabani alikuwa dereva wa familia moja ya Al Rayyan, na kazi yake kubwa kwa miaka mingi ilikuwa kumpeleka bibi wa nyumba hospitali, kwa wanawe, na wakati wa baridi jangwani, ambako wanawe walipiga mahema. Kwa ajili ya jangwa walimnunulia bibi yule kiti kisichofanana na vya hospitali. Kilikuwa cha chuma kizito, magurudumu yake mapana yenye mipira mikubwa ya kupita mchangani, na pembeni kina pete ya kushika, mwenye kiti ajisukume mwenyewe. Bibi alipofariki, mwanawe mkubwa akamwambia Shabani achague kitu kimoja katika vitu vyake. Wafanyakazi wengine walichagua simu na mazulia. Shabani akachagua kiti.

Alikichagua kwa sababu ya mama yake. Mama Shabani alianguka kisimani miaka miwili kabla, na tangu hapo miguu haikumsikiliza. Mwanzoni vijana wa jirani walikuwa wakimbeba mgongoni, msikitini, sokoni, kwenye shughuli. Kisha siku moja, wakimpeleka harusini, kanga yake ilifunguka mbele ya kadamnasi. Kijana aliyembeba hakujua, akaendelea kutembea naye. Mama aliporudishwa nyumbani alisema hatabebwa tena na mtu mpaka siku ya jeneza, akaingia chumbani kwake, na hakutoka. Shabani alinieleza haya akiwa amekaa kwenye kitanda changu, anaangalia mlango. Ijaza yake, yaani likizo yake ya kila baada ya miaka miwili, iliangukia mwisho wa mwezi wa nne. Masika kamili. Kukituma kiti kwa lori wakati wa kiangazi hakutaka. Friji aliyowahi kuituma kwa lori ilifika mlango wake mmoja tu. Alitaka kufika nacho mwenyewe, akisukume mpaka kwenye mlango wa chumba kile, aseme mama, toka.

Alinijia mimi kwa sababu kila mtu alijua nina ugonjwa wa hesabu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nafanya kazi kwenye dobi la hoteli, sehemu ya kupokea mashuka machafu na kuyapima kabla hayajaingia mashineni. Usiku nilikuwa najifunza kwenye simu, peke yangu, jinsi mizigo inavyopangwa kwenye ndege: uzito ukae wapi, mkia usizidiwe, mafuta yahesabiwe vipi. Hakuna aliyenifundisha na hakuna aliyeniomba. Nilikuwa najua fomula ambazo sikuwa na mahali pa kuzitumia, na nafasi za kazi zilipotangazwa nilizisoma zote na sikuomba hata moja, kwa kuwa nilijiambia bado kuna sura sijaimaliza. Sasa mtu wa kwetu ananiletea swali la uzito na ndege. Nakiri nilifurahi kupita kiasi. Nilimfurahia Shabani, lakini nilimfurahia zaidi yule mimi ambaye hatimaye angekuwa na faida.

Chumba chetu kilikuwa na vitanda vitatu, dirisha moja linalotazama ukuta, na kiyoyozi kilichodondosha maji kwenye ndoo ambayo tuliimwaga kwa zamu. Mwenzangu mkubwa pale alikuwa Otieno, Mkenya, mlinzi wa jengo la ofisi, mtu aliyezoea kusimama masaa mengi na kwa hiyo akiwa chumbani halali wala haketi, anaegemea kabati. Ijumaa Shabani alikuwa huru, anakuja kwetu, tunapika. Ijumaa ile ya kwanza alipika yeye, wali na kuku wa kukaanga na mchuzi wa nazi ya kopo, na tulipomaliza nikamwambia ukweli. Nilikuwa nimempima: kilo tisini na mbili. Kiti: kumi na tisa. Nguo na mkoba: moja. Otieno alicheka akasema hilo si tatizo.

"Si uvae tu mashati matano, buda? Mimi nikitoka Nairobi nilivaa suruali tatu, kilo zote zikaingia bure."

"Kule wanampima mtu," nikamwambia.

"Mtu mwenyewe?"

"Mtu mwenyewe."

Akafikiri kidogo, meno yake yakishughulika na mfupa wa kuku. "Hiyo ndege ni ya ng'ombe ama ya watu?"

"Ya watu," Shabani akasema. "Ng'ombe hawakubali kupimwa."

Tukacheka wote watatu, kisha Shabani akaisukuma sahani yake mbali. Kilo kumi na mbili. Alikuwa na miezi saba.

Nataka niseme wazi jinsi nilivyokuwa, kwa sababu watu wa aina yangu tunajificha nyuma ya neno "makini". Nilinunua mzani wa bafuni, halafu sikuuamini. Nikaubeba kwapani kwenye basi la wafanyakazi mpaka hotelini, na wakati wa mapumziko nikapima mafurushi ya taulo juu yake na juu ya mzani mkubwa wa dobi, nikakuta wangu unazidisha kilo moja. Mudiri wa dobi, yaani msimamizi wetu, Mhindi mmoja mpole, alinikuta nimepiga magoti kati ya mizani miwili akaniuliza kama hoteli imelalamikiwa. Chumbani nako niligundua kwamba mzani ukikaa juu ya zulia unasema hivi, ukikaa kwenye vigae unasema vile, kwa hiyo nikabandika plasta sakafuni karibu na mlango wa choo, pembe nne, mahali pa mzani, na ole wake Otieno akiweka ndoo pale. Niliamka alfajiri nikijiuliza kama nimepima kiti pamoja na kile kimfuko chake cha pembeni. Nilikuwa nimekipima nacho. Nilirudi nikakipima tena.

Nilipiga simu kambini pia. Nilikuwa nimejiandalia maswali saba, nimeyapanga kwa umuhimu, likiwemo la mvua. Aliyepokea alikuwa na sauti ya mtu anayesimamisha gari barabarani. Nikamuuliza kikomo cha abiria mmoja ni kilo ngapi. Akasema mia. Akasema, "Kingine?" Nami, mwenye maswali sita mkononi, nikasema hakuna kingine, afande, asante afande, nikakata. Nilijiambia swali la msingi limejibiwa.

Basi Shabani akaanza kupungua. Ijumaa zetu zikabadilika. Alikuja na matango kwenye mfuko, anayamenya kwa kisu kidogo na kuyala kwa chumvi wakati Otieno anasonga ugali pembeni na kuomba radhi kwa harufu. Kule Al Rayyan, mpishi wa nyumba ile, dada mmoja wa Kisumu, aliambiwa asimwekee mkate, naye akaona ametukanwa kwa wiki nzima. Badala ya kuwasubiri watoto wa nyumba ile shuleni akiwa amekaa ndani ya gari lenye ubaridi, Shabani alisubiri amesimama nje, na jioni alitembea kuuzunguka ukuta wa mtaa wao mpaka walinzi wa nyumba nyingine wakadhani ameibiwa kitu. Kila Ijumaa anapanda juu ya plasta zangu, mimi nainama, nasoma. Ilipofika mwanzo wa mwaka alikuwa ameacha kilo nane. Suruali yake aliifunga kwa kamba ya kiatu. Kwangu mimi zilizobaki zilikuwa ndogo, kwa sababu Ramadhani ilikuwa mbele yetu, na katika hesabu yangu Ramadhani ilikuwa mwezi wa kumalizia kazi.

Nani asiyejua? Mimi, Mwislamu niliyefunga tangu nikiwa mtoto, nilisahau Ramadhani ni mwezi wa namna gani. Mchana Shabani alifunga. Jua likizama, nyumba ya Al Rayyan ilifungua milango. Harisi iliyopondwa na samli, sambusa, nyama juu ya wali, kaimati zinazodondosha shira, sinia kutoka kwa jirani wa kulia na sinia nyingine kutoka kwa jirani wa kushoto, na mwanamume wa nyumba mwenyewe anatoka mpaka uani, anakaa chini na madereva, anamega kwa mkono wake na kukuwekea mbele yako. Utasema hapana, nina mpango wa uzito? Baada ya wiki mbili Shabani alikuwa ameongeza kilo tatu. Nilimwona anapanda juu ya mzani polepole kama anayeingia maji ya baridi. Nikasoma. Nikasoma tena. Nikamwambia namba, halafu nikaanza kumweleza kuhusu daku, nini aache, nini abadilishe, na nilikuwa na mantiki, nilikuwa na mifano.

Akashuka. Hakupandisha sauti, ndiyo maana nayakumbuka maneno yake yote.

"Mdogo wangu, tangu mwezi wa tisa unanipima. Hujaniuliza hata siku moja kama nimeshiba."

Nikamjibu, Mungu anisamehe, kwamba zimebaki kilo saba.

Akachukua viatu vyake. Ilikuwa karibu na futari, Otieno alikuwa ameshatandika gazeti sakafuni na kupanga tende, na yeye si mfungaji, alikuwa anatufutarisha tu kwa sababu ya ujirani mwema. Aliitazama ile nafasi ya tatu kwenye gazeti, kisha akanitazama mimi. "Wewe Prof," akasema, "hata mahabusu huulizwa kama wamekula." Ijumaa iliyofuata Shabani hakuja.

Nilimfuata mimi. Nilipanda basi mpaka Al Rayyan, mzani ukiwa kwenye mkoba wa begani, kwa kuwa sikujua kwenda kwa mtu bila kitu cha kufanya. Chumba chake kilikuwa uani, kando ya lango la gari, kitanda na jiko la umeme na kile kiti, amekikunja na kukifunika kwa shuka safi. Alikuwa akiongea na mama yake kwa simu, sauti imefunguliwa, akanionyesha kwa kidole nikae. Sikuwahi kumsikia mama yule kabla ya hapo. Nilikuwa nimemjua kama sababu ya hesabu. Alikuwa na sauti kavu, ya haraka, kama ya mtu anayehoji shahidi. Aliuliza kiti kina mkanda? Shabani akasema kina mkanda. Aliuliza kikipita kwenye mashimo kinamwaga mtu? Hakimwagi. Kisha akasikika jogoo wa kwetu nyuma yake, na mama akauliza kwa sauti ya chini zaidi.

"Kuna mwanamume atanishika?"

"Hapana mama. Utajisukuma mwenyewe."

"Mwenyewe."

"Mwenyewe. Ukichoka unasimama."

Mama akasema haya basi, akaanza kumweleza habari za mbuzi. Mimi niliusukuma mkoba wenye mzani chini ya kitanda kwa mguu. Dada wa Kisumu alileta sinia, tukafuturu pamoja watu watatu, na nilimuuliza Shabani kama ameshiba, kwa aibu, nikiangalia wali. Akasema bado. Akajiongezea.

Hata hivyo alifika. Sijui alifanyaje, sikupanga chochote tena. Baada ya Idi alipunguza chakula mwenyewe, akatembea mwenyewe, na siku mbili kabla ya safari akaja Al Mansoura, akavua viatu, akapanda juu ya plasta bila kuambiwa. Themanini kamili. Otieno aliangalia namba ile juu ya bega langu, akamshika Shabani mkono kwa mikono miwili kama mtu aliyepata mtoto, kisha akampikia chapati moja, ambayo tuliigawana vipande vitatu. Kilo themanini, kiti kumi na tisa, mkoba moja. Nilijiona nimeumba dunia.

Siku aliyopaswa kupanda ndege ya jeshi nilikuwa zamu ya mchana. Dobi lina kelele, simu huwa naiweka mfuko wa kifuani nisikie mtetemo. Ulipokuja nilikuwa nasukuma toroli la mashuka. Ilikuwa sauti ya Shabani, na nyuma yake mvua juu ya bati. Alisema amepanda mzanini kule kambini, mjini, na sajini amesoma mia, sawasawa kabisa kama nilivyosema. Halafu sajini akasema leo ni tisini. Nyasi zimelowa, kiwanja cha Lukwisa ni kifupi, ndege nzito haisimami kwenye utelezi. Masika yote ni tisini, kila mwaka. Ujumbe ukaishia hapo.

Niliketi juu ya mashuka. Swali la mvua lilikuwa la tatu kati ya yale saba. Nililiona mbele ya macho yangu na mwandiko wake. Kilo kumi: hakuna mtu anayeziacha mstarini. Angekiacha kiti kambini, au angebaki nacho mjini mpaka nyasi zikauke na ijaza iishe. Toroli langu lilizuia njia, mudiri akaja, akaniona uso, akalisukuma yeye mwenyewe. Nilimpigia Shabani, haikupokelewa. Nilipiga tena. Sikupima shuka hata moja mpaka simu ilipotetemeka mara ya pili, na ujumbe wa mara hii ulikuwa mrefu, anaongea akitembea, anapumua, anacheka, sikuelewa mara moja anacheka nini.

Alisema alikuwa amepiga magoti matopeni na bisibisi ya kuazima, anafungua gurudumu moja, akifikiri angalau apeleke kiti nusu nusu, ndipo bibi aliyekuwa nyuma yake mstarini akamuuliza kiti cha nani. Cha mama. Mama yupi? Mama Shabani wa karibu na mashine ya kusaga, ambaye hatoki ndani. Bibi yule alikuwa mwembamba, Shabani alisema, mtu wa kuchukuliwa na upepo, na mzigo wake wote ulikuwa kikapu kimoja cha dawa. Akapanda mzanini, sajini akasoma arobaini na nne. Bibi akabaki juu pale, hashuki.

"Nina kilo nyingi hapa sizitumii," akasema. "Kiweke changu."

Na sajini, bila kuinua kichwa, akakiweka chake. Hakushangaa. Hakuna aliyeshangaa, Shabani alisema, isipokuwa yeye. Mstari mzima ulikuwa unafanya hivyohivyo. Mwanafunzi alibeba sufuria za mwalimu, mwalimu alibeba mbolea ya mtu asiyemjua. Ndege haiulizi kilo ni ya nani, inauliza jumla tu. Ndivyo wanavyosafiri watu wa kwetu tangu ndege ile ianze kuja, na mimi niliyesoma fomula zote za uzito nilikuwa sijui, na Shabani, aliyezoea kwenda kiangazi kwa barabara, hakujua pia. "Mdogo wangu," akamalizia, "miezi saba nimekula matango."

Nimelifikiria jambo lile kuliko mambo mengi yaliyonipata hapa. Kilichonishika mwanzoni haikuwa furaha, ilikuwa hasira ya mtu aliyesahihishwa mtihani ambao alidhani anausahihisha yeye. Furaha ilikuja jioni, kwenye basi. Na pamoja nayo ikaja ile siku yangu mwenyewe mstarini, miaka kadhaa nyuma, nikiangalia viatu vyangu. Sikuwa nimeangalia viatu tu. Niliona vikapu vikipita mkono kwa mkono, gunia la huyu likihamia miguuni kwa yule, mtoto wa mmoja amepakatwa na mwingine. Niliona yote. Nilidhani wale watu wote ni ukoo mmoja.

Mwezi ule ule niliomba kazi ya kupanga mizigo ya ndege, sura zikiwa bado hazijaisha, nikakosa, nikaomba tena mwaka uliofuata, nikapata. Otieno amerudi Kenya, kitandani kwake analala kijana wa Mbale anayekoroma. Shabani hakurudi, ijaza ilipoisha alibaki, akafungua duka la vipuri vya baiskeli. Mama yake alijisukuma. Nilikuwa nikipata habari zake vipande vipande: yuko sokoni anabishana bei, yuko msikitini, yuko kiwanjani kuiona ndege, kila inapokuja, na anawaambia abiria wapange mstari vizuri. Alikuwa amemtafuta yule bibi mwembamba mpaka akampata, wakawa wanaonekana pamoja. Nilipoambiwa amefariki niliuliza kama alibebwa. Shabani akasema alibebwa siku moja tu, ya mwisho, kama alivyosema.

Chai yangu ilikuwa imepoa. Nikaiangalia tena ile picha. Kwenye mgongo wa kiti wanajeshi wameandika neno ABIRIA kwa rangi nyeupe, na namba chini yake, kwa sababu wao hawawezi kukaa na kitu kisicho na namba. Nilimwandikia: kumi na tisa. Sikuifuta, sikwenda kuangalia popote. Kisha nikampigia.

Alipokea upesi. Akaniambia kiti familia imekitoa kikae kiwanjani, kwa ajili ya wagonjwa; mgonjwa anapandishwa mzanini akiwa amekikalia, halafu sajini anatoa uzito wa kiti. Nikamwambia kwa hiyo wakipime, mzani uko hapo. Akasema wameshakipima, asubuhi ileile, kabla hajaniandikia.

"Kumi na nane na nusu," akasema. "Mipira imelika." Nikasikia upepo wa kiwanjani. "Hiyo nusu, mama aliimaliza barabarani."